Mwambie Nimekufa

Bibi wa ustawi wa jamii alipiga simu mara mbili wiki ile, na mara zote mbili alirudia sharti lile lile: msichana asielezwe lolote kuhusu mama aliyemzaa. Faili lilisema mama hajulikani aliko, na wazazi wa Ubelgiji waliomchukua msichana huyo walitaka ibaki hivyo. Mtoto alikuwa na miaka kumi na saba sasa. Tangu mwaka jana aliacha shule na kujifungia chumbani, na daktari wake ndiye aliyeshauri aletwe Johannesburg aone alikozaliwa, aone na watu waliomlea kabla hajapandishwa ndege. Aone, anywe chai, apige picha, arudi kwao. Célestine alijibu kwamba amefahamu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za jengo lao la Jeppestown, simu ameibana begani, kila mkono una ndoo ya maji.

Alikuwa amemlea mtoto huyo tangu akiwa mchanga mpaka akakaribia miaka mitatu, pamoja na binti yake mwenyewe, Murielle, aliyemtangulia kwa miezi michache. Wote wawili walinyonya kwake. Siku walipokuja kumchukua, Célestine alimvalisha gauni la Murielle kwa kuwa la kwake lilikuwa halijakauka, na kwa miaka mingi baadaye jambo lililomuuma zaidi ni kwamba hakupata nafasi ya kumwambia yule mama Mbelgiji kwamba mtoto halali bila kushikwa sikio.

Mumewe, Pitchou, aliyekuwa mlinzi kwenye maegesho ya magari, aliungoja ujio huo kwa sababu nyingine. Baba wa msichana huko Ubelgiji, André, alikuwa amemtumia ujumbe. Aliandika kwamba familia yake haijasahau wema wao, kwamba amesikia Murielle huenda asifanye mtihani wa mwisho wa sekondari kwa kukosa namba ya kitambulisho, na kwamba angependa kumlipa wakili alifuatilie jambo hilo. Pitchou aliusoma ujumbe ule kanisani kwa watu watatu wanne, mpaka mkewe akamwomba aache.

Murielle alizaliwa Johannesburg, akasoma Johannesburg, na Kiswahili cha Uvira, Kongo, cha wazazi wake alikisikia tu. Akijibu, alijibu kwa Kiingereza. Lakini wazazi wake walikuwa wakimbizi, karatasi zao zilikwisha muda, na kila walipojaribu kuziomba upya waliambiwa wangoje. Bila karatasi za wazazi, za mtoto hazikutoka. Jioni moja akiwa anaosha vyombo alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwenzake aliachwa akapata pasipoti, na yeye aliyeshikiliwa hana hata namba. Baba yake alijifanya hakusikia. Mama yake alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Alhamisi alikuja Mayasa kusuka.

Mayasa alikuwa mwanamke wa Tanga, anakaa Turffontein na mume wake, Mahmoud, fundi wa magari, na watoto wao wawili wa kiume. Mbele ya watu alikuwa mteja wa Célestine, ambaye alisuka nywele nyumbani, kama wengine. Lakini zamani, alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, walikaa nyumba moja, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwanamume aliyemleta kutoka Tanga alisema anakwenda Durban kutafuta kazi, akapotelea huko huku mimba ikiwa kubwa. Mayasa alijifungulia kwenye godoro la Célestine. Mtoto akamwita Zabibu, jina la bibi yake. Wiki chache baadaye, asubuhi, alisema anakwenda dukani kununua dawa ya kichwa, na hakurudi.

Célestine alingoja. Mtoto alipougua na hospitali ikadai karatasi zake, ndipo alipokwenda kwa watu wa ustawi wa jamii akawaambia yote aliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi. Walitoa tangazo gazetini kwa Kiingereza. Hakuna aliyejitokeza. Mtoto akabaki kwake kwa muda, muda ukawa miaka, kisha akaja André na mkewe. Mayasa alirudi mwaka mmoja baada ya hapo, ameolewa, amejifunika vizuri, akasimama mlangoni na kuuliza Zabibu yuko wapi. Célestine alipomwambia Ulaya, alikaa kwenye ngazi, akakaa pale mpaka watu waliokuwa wakipita na mizigo wakamwomba asogee. Mahmoud hakujua habari hiyo. Alimwoa akiamini hajawahi kuzaa.

Tangu hapo alikuja kusuka kila baada ya miezi miwili mitatu. Hakuuliza kitu. Célestine akiwa anagawa nywele kwa kitana alikuwa anamwambia machache anayoyasikia kwa bibi wa ustawi: amejifunza kuogelea, amekuwa mrefu. Alhamisi ile alimwambia kwamba Jumamosi anakuja.

Mayasa aliomba jambo moja. Alitaka amwone tu. Angekaa pale pembeni kama mteja aliyekatizwa kusukwa, asiseme neno, halafu arudi kwake. Célestine alimweleza sharti la bibi wa ustawi na habari za wakili wa Murielle. Mayasa alisema hayo yote anayaelewa, na kwamba yeye ndiye mwenye kuogopa zaidi, maana Mahmoud akijua hatamweka.

"Sitaki anijue, dada," alisema. "Nataka nimtazame anavyokaa, anavyoshika kikombe. Basi."

Célestine alimwambia aje mapema, kabla ya wageni.

Jumamosi asubuhi Pitchou alikisafisha choo cha ghorofa nzima, choo cha familia nane, na akafunga kitasa kipya ambacho jioni angekitoa. Viti viwili waliazima kanisani. Célestine alikaanga sambusa, akachemsha chai ya maziwa, akatandika kitambaa cha meza ambacho bado kilikuwa na alama za mikunjo ya dukani. Murielle aliambiwa avae gauni. Alivaa jinzi.

Pitchou aliwangoja kwenye robot ya kona kubwa, taa za kuongozea magari ambazo hazikuwaka tangu Pasaka, akalisimamisha gari lao la kukodi na kuwaongoza kwa miguu kwanza mpaka kwenye jengo walilokaa zamani, maana msichana alikuwa ameomba aone mahali hasa alipozaliwa. Jengo lilikuwa limezibwa. Madirisha ya chini yalijengewa matofali, mlango umechomelewa bamba la chuma, na mbele yake vijana walikuwa wakipanga maboksi na chupa za kuuza. Mmoja wao alimwona André akipiga picha, akauliza anampigia nani. Mke wa André, Victoire, akauvuta mkoba wake mbele ya tumbo.

Chloé, ndivyo walivyomwita huko kwao, alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua siku isiyokuwa na wingu. Aliuliza ni dirisha gani. Pitchou hakukumbuka. Aliyatazama madirisha ya ghorofa ya pili, yote sawa, yote meusi, akanyoosha kidole kwenye mojawapo. Msichana alisimama akilitazama dirisha lile mpaka baba yake akamgusa bega.

Ngazi zilikuwa na giza. Wakapanda kwa kufuatana, Pitchou mbele akimulika kwa simu na kuomba radhi kwa kila kitu: kwa taa, kwa harufu, kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akijisaidia kwenye kopo koridoni.

Célestine alikuwa amejiandaa kumkumbatia, lakini msichana alinyoosha mkono, naye akaushika huo mkono. Ulikuwa wa baridi. Walizungumza Kifaransa, chake cha shule ya masista wa Uvira na cha yule mtoto cha haraka haraka, wakaelewana. Wazazi walipewa viti. Chloé alikaa kitandani. Pembeni, kwenye kigoda, alikuwa Mayasa, mtandio kichwani, upande mmoja umelala juu ya nywele zilizokwisha kusukwa na upande mwingine umevimba. Célestine alisema huyo ni mteja, ana arusi leo, wamsamehe. Wageni wakatabasamu na kumsahau.

Mayasa alianza na viatu vya mtoto. Kisha akapanda polepole kwenye magoti, kwenye vidole vilivyokuwa vikichezea zipu ya koti. Usoni alichelewa kufika, na alipofika aliinuka akaanza kumimina chai ambayo hakuna aliyemwomba aimimine. Murielle, aliyekuwa ameegemea mlango, aliwatazama wawili hao mara moja, akaona. Lilikuwa paji la uso lile lile, na namna ile ile ya kubana midomo kana kwamba mtu ameshika pini. Hakuwa ameambiwa kitu. Aligeuka akatazama koridoni.

Mazungumzo yalikwenda kama alivyotaka bibi wa ustawi. Célestine alieleza kwamba alipenda ndizi zilizopondwa, kwamba aliogopa pikipiki, kwamba neno lake la kwanza lilikuwa maji. Victoire alicheka mahali pa kucheka. Msichana alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Sambusa zilisifiwa, zikaachwa. Pitchou alivumilia mpaka kikombe cha pili, kisha akakohoa na kumtaja wakili, akianza kwa mbali sana, kwa kumshukuru Mungu na familia yote ya Ubelgiji. André alimkatiza kwa upole. Alisema jambo hilo limeshapangwa, Jumanne saa nne wakili anawangoja ofisini, waje na chochote walichonacho kinachomhusu Murielle. Pitchou aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia haraka. Murielle alitazama sakafu.

Kisha André alitaka picha ya wote. Alimpa Mayasa simu yake, akamwonyesha kwa kidole pa kubonyeza. Walijipanga mbele ya dirisha, Chloé katikati. Mayasa aliishika simu kwa mikono miwili na kubonyeza, akabonyeza tena, akabonyeza tena, mpaka wale waliosimama wakaanza kuchoka kutabasamu. André alipotazama alicheka. Katika zote alikuwamo Chloé peke yake. André mwenyewe alionekana bega, Pitchou sikio. Alimwonyesha mkewe, wakasema mama wa watu hajazoea simu za namna hii, wakaomba arudie.

Ni baada ya hapo, wakati vikombe vinakusanywa, ndipo msichana alipouliza. Pasipoti yake ilikuwa na jina la pili, Zabibu, na alitaka kujua nani aliyempa.

"Ni Madame Célestine, mpenzi," alijibu Victoire.

Ingetosha Célestine kuitikia kwa kichwa. Jumanne ilikuwa karibu. Pitchou alikuwa akimtazama. Lakini mwenye kulitoa jina lile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, ameshika birika, hajui Kifaransa, amelisikia jina tu likitajwa na uso wake umeganda.

"Si mimi," alisema Célestine. "Sisi kwetu hatuna jina hilo. Ni la watu wa pwani. Alikupa mama yako."

Victoire aliweka kikombe chini. André alisema, bila kupandisha sauti, kwamba faili linaeleza vingine, na kwamba labda wangezungumza hilo wakubwa peke yao. Msichana hakumsikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alikuwa amekaa wima.

"Ulimjua?"

"Tulikaa nyumba moja."

"Yuko hai?"

Célestine aligeuka. Alizungumza Kiswahili kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari imebaki.

"Anauliza kama mama yake yuko hai. Nimwambie nini?"

Mayasa alilitazama birika.

"Mwambie nimekufa," alisema.

Mlangoni, Murielle aligeuza kichwa kutoka koridoni. Pitchou alifumba macho. Wabelgiji walikuwa wakingoja tafsiri ya kitu walichodhani ni habari za vikombe.

Célestine alifikiri juu ya binti yake, na juu ya Jumanne saa nne. Alifikiri juu ya Mahmoud, ambaye alimwona mara moja tu, mtu mpole mwenye mikono ya grisi. Kisha akamtazama yule mtoto aliyepanda ndege mpaka huku kutazama dirisha ambalo halikuwa lake, akaona hawezi kumrudisha kwao na maiti.

"Yuko hai," alisema kwa Kifaransa. "Hawezi kukujia. Sababu ni za kwake, hazikuhusu wewe. Lakini anajua umekuja."

"Anajua leo niko hapa?"

"Anajua."

Chloé alilia bila sauti, machozi yakateremka tu na yeye akiyaacha. Akauliza kama wanafanana. Célestine akasema sana. Na Mayasa, aliyeyaona machozi na hakuyaelewa maneno, alijua kwamba mwanawe amepokea habari ya kifo chake. Alichukua sinia akatoka nalo koridoni. Walimsikia kwenye bomba la nje, maji yakimwagika kwa muda mrefu, katika jengo ambalo hakuna aliyethubutu kuyaacha maji yamwagike.

André alisimama. Alisema anadhani imetosha. Mlangoni Victoire aliushika mkono wa Célestine, si kwa hasira, akamuuliza kwa nini amefanya vile, wao ndio watakaobaki na mtoto huyu usiku, si yeye. Wakubwa walipokuwa wakiagana kwa maneno mafupi, wasichana wawili walikuwa wametangulia kwenye ngazi, na Chloé alikuwa akiandika namba ya Murielle kwenye simu yake.

Mayasa aliporudi, macho yalikuwa yamevimba lakini uso ameuosha.

"Amelia sana?"

"Amelia."

"Basi yamekwisha." Akakaa kwenye kigoda, akautoa mtandio. "Nimalizie, dada. Mahmoud atauliza."

Célestine alimmalizia. Alisuka upande uliobaki, naye Pitchou alitoka akaenda kukitoa kitasa cha choo.

Jumatatu alikuja bibi wa ustawi. Hakutaka kukaa. Alisema familia imebadili safari na imeondoka kwenda Cape Town, na kwamba habari ya wakili wasiifikirie tena. Wazazi walikuwa wamezitazama kwa makini picha zile za Chloé peke yake, akaendelea, na wanauliza yule mwanamke aliyezipiga ni nani. Célestine alisema ni mteja. Bibi aliuliza jina lake. Célestine alisema wateja ni wengi.

Bibi yule alikuwa amechoka zaidi kuliko alivyokasirika. Alisema miaka kumi na minne ameitetea nyumba hii kwa kila mtu, hata kwa wale waliosema wakimbizi wasipewe mtoto. "Ulitakiwa kunyamaza tu," alisema. "Hakuna aliyekuomba kingine." Akateremka ngazi huku ameshika ukuta.

Pitchou hakugombana. Alikwenda kazini, akarudi, akala. Siku ya tatu aliweka kijiko chini, akazungumza bila kumtazama mkewe.

"Mtoto wa watu umempa ukweli, Mama Murielle. Wa kwako umempa nini?"

Murielle alikuwa pale pale mezani. Célestine alimgeukia, akitaka kusema jambo, na binti yake akasema kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule, akainuka.

Bado walijaribu. Pitchou alikosa kazi siku mbili akapanga foleni kwenye ofisi moja ya msaada, akaambiwa kesi kama hizo zinachukua miaka. Célestine alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, amevaa kitenge chake cha kanisani, akangojeshwa kwenye benchi pamoja na wanafunzi waliofukuzwa darasani, kisha akaambiwa kwa heshima kwamba shule haina uwezo. Mwisho wa Agosti majina ya watahiniwa yalipelekwa. La Murielle halikuwamo. Alimaliza muhula, akaviweka vitabu chini ya kitanda, na Jumatatu iliyofuata alikaa karibu na mama yake akaanza kusuka vichwa vya watoto. Alikuwa na mkono mwepesi. Wateja walimsifu, na kila walipomsifu Célestine alihisi kama ametukanwa.

Mayasa alikuja Septemba kufumua na kusuka upya. Alionekana amepumzika, hata amenenepa kidogo. Célestine alikuwa amefika katikati ya kichwa, nywele za bandia zikiwa zimerundikana mapajani mwake, wakati Mayasa alipouliza kama siku ile mtoto alitaka kujua mama yake amezikwa wapi. Alisema hilo limekuwa likimjia akilini. Akiuliza tena, aambiwe Tanga, kwao, si huku. Kule kuna makaburi ya familia na watu wanayafagia.

Murielle alikuwa pale, akimsuka mtoto wa jirani. Mikono yake ilisimama.

Célestine alikiweka kitana chini. Alisema, "Sikumwambia umekufa. Nilimwambia uko hai, na kwamba unajua alikuja."

Mayasa hakugeuka. Alinyoosha mkono akauchukua mtandio wake kwenye msumari, akaufunga kichwani juu ya nywele zile, nusu zimesimama, nusu bado zimesukwa. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Nilikuwa nimeanza kulala, dada. Tangu siku ile. Nilijua hakuna anayeningoja popote."

Célestine alisema mtoto alikuwa na haki. Mayasa alisema haki anaijua, na watoto wake wawili nao wanayo, na wakifukuzwa pamoja naye Célestine atawapokea kwenye chumba gani. Aliiacha pesa ya kusukwa mezani, yote, ingawa kazi ilikuwa haijafika nusu. Wakamsikia akiteremka. Célestine alipompigia wiki iliyofuata simu haikuita, na mwanamke mmoja wa Zanzibar aliyekuja kusuka alimwambia kwamba Mahmoud ameifunga gereji yake ya Turffontein, kwamba mke wake alikuwa akimsumbua wahame, watu wanasema wako Polokwane, wengine wanasema wamerudi nyumbani.

Desemba ilikuwa na wateja wengi. Kila mtu alitaka kichwa kipya cha Krismasi, na mama na binti walisuka tangu asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni moja, mteja wa mwisho alipoondoka, simu ya Murielle iliita mlio mfupi. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akaja kukaa kwenye kigoda karibu na mama yake.

Yeye na Chloé walikuwa wakiandikiana kwa Kiingereza, alisema, si sana, tangu Julai. Mwenzake alikuwa amerudi shule. Hakuwa amewahi kuuliza chochote, alikuwa akituma picha za mbwa wake, za barabara, za theluji. Leo ameuliza.

"Ameuliza nini?"

Murielle alimsomea kwa kutafsiri, polepole, kwa Kiswahili ambacho hakikuzoea mdomo wake. "Anasema: yule mama aliyetupiga picha, akija kwenu, ananiulizia?"

Célestine alizifagia kwa mguu nywele zilizokuwa sakafuni, akazisogeza mahali pamoja. Nje walikuwa wakipiga muziki kwenye duka la spaza la ng'ambo ya barabara.

"Hajaja tangu Septemba," alisema Murielle, safari hii kwa Kiingereza.

"Najua."

"Niandike hajaja?"

Mama yake aliendelea kuzisogeza nywele. Ukweli wa mara ya kwanza Murielle ndiye aliyeulipia, na wote wawili walilijua hilo, na Célestine alikuwa tayari kwa lolote ambalo binti huyu angeliandika. Angekuwa na haki ya kuandika lolote. Aliona vidole vile vyepesi vikianza kutembea kwenye kioo, vikasimama, vikafuta, vikaanza tena. Viliandika kwa muda mrefu kuliko neno moja la ndiyo au hapana.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika anakuulizia." Murielle aliiweka simu gotini. "Nimeandika alikuja wiki iliyopita, akauliza kama una koti zito, maana amesikia huko ni baridi."

Célestine aliinama akaanza kuziokota nywele kwa mikono, ingawa fagio lilikuwa pale karibu. Jibu lilirudi kabla hajamaliza. Murielle alilitazama, kisha akaigeuzia simu upande wa mama yake, ili alione mwenyewe, maneno machache, safari hii ya Kifaransa, ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

*Mwambie ninalo.*

Wakakaa na simu ile katikati yao mpaka kioo kikazimika.